Gari linatetemeka ukikanyaga breki: tafuta chanzo kabla ya kununua diski

"Fundi, nikikanyaga breki usukani unacheza."

"Diski zimepinda hizo, bosi. Tubadilishe."

Ndivyo mazungumzo yanavyokwenda kwenye gereji nyingi, iwe Mwanga au Gungu kule Kigoma, au Tabora mjini. Diski zinabadilishwa, gari linatulia, mwenye gari anashukuru. Baada ya miezi michache usukani unaanza tena kucheza, na safari hii lawama zinaangukia "diski za mchina". Mara nyingi diski zile hazikuwa na kosa. Chanzo kilibaki palepale kwenye gari: kutu kwenye uso wa habu (kitako kinachofungiwa diski na gurudumu), pini iliyokwama ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), au nati zilizokazwa kwa bomba la kurefusha spana. Tutaanza na hicho, maana spea ikishasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma hairudishwi kirahisi.

Endesha kwanza, fungua baadaye

Hakikisha kwanza kama kweli ni breki. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kisicho na rasta wala matuta. Aliye Kigoma ana barabara ya Kidahwe kwenda Kasulu, aliye Tabora ana ile ya Nzega. Angalia kioo, nyuma pasiwe na gari. Fika kilomita 80 kwa saa, toa mguu kwenye mafuta, acha gari lijiendee bila kugusa breki. Likitetemeka hapo, breki hazihusiki, au hazihusiki peke yake. Kama limetulia, rudi 80, kisha kanyaga breki kidogo, kwa uzito uleule, mpaka 30. Breki ya ghafla huficha mtetemo. Ya taratibu ndiyo inayouanika.

Sikiliza na mwendo wa mtetemo wenyewe. Tairi la 195/65R15 lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye 80 linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na kwenye 40 kama mara tano na nusu. Mtetemo unaopungua kasi pamoja na gari unatoka kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu: diski, dramu, habu, rimu au tairi. Ule unaobaki "grrrr" ya haraka ileile, gari liwe kwenye 60 au 20, ni ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga) inafanya kazi. Kwenye changarawe au mchanga ABS kunguruma ni kawaida yake, kwa hiyo usipime gari kwenye vumbi kisha ukahukumu diski.

Mikono, mguu au makalio

Usukani ukicheza kushoto kulia, anza na mbele. Kiti na sakafu vikitikisika huku usukani umetulia, angalia nyuma. Pedeli ikikusukuma mguu juu na chini, kuna diski yenye unene usiolingana, au dramu imekuwa kama yai. Kila sehemu nene ikipita, pistoni ya kalipa inarudishwa ndani, mafuta ya breki yanasukumwa nyuma, na mguu wako unayapokea.

Kwa gari lenye dramu nyuma kuna kipimo cha haraka. Kwenye barabara tupu na kavu, ukiwa 50, bonyeza kitufe cha handibreki usikiachie, kisha vuta taratibu sana huku mguu uko mbali na pedeli. Breki zinazoshika hapo ni za nyuma tu. Likitetemeka vilevile, acha diski za mbele. Kipimo hiki hakifai kwa gari lenye diski nyuma, kwa sababu mengi ya hayo yana dramu ndogo ya handibreki ndani ya diski, na utakuwa umepima hiyo ndogo. Usikifanye barabara ikiwa na maji.

Vinavyosingiziwa breki

Kama gari linatetemeka hata bila breki, chungulia ndani ya rimu kabla ya chochote. Msimu wa mvua tope hukauka upande mmoja wa rimu, likagonga kama nyundo kwenye 80. Chota tope, osha, jaribu tena. Dawa hii ni ya bure, na inashangaza inavyosahaulika. Halafu tazama risasi za balansi zilizodondoka, tairi lenye uvimbe pembeni, na rimu iliyopigwa na shimo. Kwa Hiace, Land Cruiser na nyingine zenye propela shafti, shika shafti kwa mikono uizungushe nusu huku na huku: krosi (kiungo cha shafti) iliyochoka inalia "tak" na inacheza.

Alaimenti haitibu mtetemo wa breki. Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki nako hakutibu, maana upepo hufanya pedeli iwe laini kama sifongo na hautingishi usukani. Anayekutoza kwa mambo hayo mawili kwa ajili ya ugonjwa huu hajapima kitu.

Jambo moja halingoji. Mtetemo ulioanza siku ileile gurudumu lilipofunguliwa, kwa pancha au kazi nyingine, simama ukague nati hapohapo. Gurudumu lililolegea linaanza hivyohivyo.

Diski haijapinda, imekonda

Neno "kupinda" linatupoteza. Diski ni chuma cha kumimina. Ni nadra kukunjika kama bati kwa joto la kawaida la barabarani. Kinachotokea ni kwamba sehemu moja ya duara inakuwa nyembamba kuliko nyingine, kwa sehemu chache za mia za milimita. Nene ikipita kwenye pedi inashikwa sana, nyembamba ikipita inaachiwa. Shika-achia, shika-achia, mara 11 kwa sekunde. Ndio mtetemo.

Sasa inakondaje upande mmoja? Tuseme diski mpya imefungwa ikiwa inayumba milimita 0.1, kwa sababu ya kutu nyuma yake. Ukikanyaga breki siku hiyo husikii kitu, maana kalipa inateleza kuufuata uyumbaji. Tatizo linakuja ukiwa hujakanyaga. Pedi hukaa karibu sana na diski, na kila mzunguko ile sehemu iliyotokeza inazigusa kidogo. Safari ya kilomita 100 ni mizunguko kama 50,000. Baada ya kilomita elfu kadhaa pale panapogusa pameliwa. Ndiyo maana gari lilitulia wiki za kwanza kisha likaanza upya, na ndiyo maana kubadilisha diski bila kugusa habu ni kununua muda tu.

Njia ya pili ni pedi kuacha rangi yake kwenye diski. Umeshuka mteremko mrefu, breki zinanuka, unasimama na kubaki umekanyaga pedeli. Pedi yenye moto inaacha alama pale ilipobana. Ya tatu ni kutu ya maegesho: gari limekaa wiki tatu nje kwenye mvua, na chini ya pedi panabaki umbo la pedi lenye kutu. Hii mara nyingi huisha baada ya breki ishirini thelathini za kawaida. Lipe gari siku mbili kabla ya kulifungua.

Kupima, na hapa ndipo pa kutumia muda

Unahitaji jeki na stendi (usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki tupu), daili geji (saa ya kupimia uyumbaji) yenye kitako cha sumaku, maikromita (kipimo cha unene), brashi ya waya, msasa na chaki. Asiye na maikromita aazime. Venia haitoshi kwa kazi hii: tofauti unayotafuta ni milimita 0.02, na taya zake hukalia ule ukingo wa kutu pembeni ya diski, zikakusomea unene ambao haupo.

Ondoa gurudumu, fungua kalipa, itundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa hosi yake. Diski usiitoe bado. Irudishie nati zote pamoja na washa ili ibanwe kwenye habu kama inavyobanwa na rimu, uzikaze sawasawa kwa mkato wa nyota, yaani ukivuka upande wa pili badala ya kufuata nati ya jirani. Diski isiyobanwa itacheza, na kipimo chako kitakuwa cha uongo.

Weka ncha ya daili geji kwenye uso wa diski, milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha diski polepole kwa mkono mzunguko mzima, tafuta pa chini, weka sifuri, kisha zungusha tena. Sindano ikipanda zaidi ya 0.05, uyumbaji umezidi kipimo kinachowekwa kwa magari madogo mengi. Andika chaki kwenye diski pale palipotokeza zaidi, na nukta nyingine kwenye stadi (boliti ya habu inayofungwa nati) iliyo karibu na alama hiyo.

Hapa sasa kuna kazi ndogo ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayotoa jibu. Vua diski, isogeze stadi moja, ifunge upya, pima tena. Kwa stadi tano umeisogeza nyuzi 72, kwa stadi nne nyuzi 90. Kilele kikihama pamoja na chaki ya diski, diski ndiyo yenye kosa. Kikibaki kwenye stadi ileile yenye nukta, kosa liko kwenye habu: ama uchafu, ama habu yenyewe imepigwa na shimo, ama beringi imeingizwa vibaya. Kikianguka katikati, wote wawili wanachangia, na mara nyingine ukiendelea kusogeza stadi moja moja utapata nafasi ambapo makosa yanafutana na uyumbaji unashuka chini ya 0.05. Hiyo ni tiba isiyouzwa duka lolote.

Asiye na daili geji atumie waya mnene. Ufunge kwenye boliti ya mabano ya kalipa, ukunje ncha isogelee diski mpaka fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.05 ipite kwa shida. Zungusha. Ncha ikikwaruza sehemu moja, na sehemu nyingine fila geji ya 0.15 ikapita, uyumbaji ni kama 0.15. Ni makadirio, lakini kwa makosa makubwa yanatosha.

Baada ya uyumbaji, pima unene. Chukua maikromita, pima sehemu nane kuzunguka diski, zote milimita 10 kutoka ukingoni, uziandike. Tofauti ya kubwa na ndogo ikifika 0.02, hiyo ndiyo inayokutikisa. Kisha linganisha ile ndogo na namba iliyogongwa kwenye diski yenyewe baada ya maneno MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa). Ikiwa chini ya hapo, haichongwi wala haijadiliwi, inatupwa.

Kutu ya habu

Hesabu kidogo. Uso wa habu una kipenyo cha kama milimita 140, diski kama 260. Kijiwe cha kutu chenye unene wa 0.05 upande mmoja wa habu kinailaza diski, na kufika ukingoni uyumbaji unakuwa zaidi ya 0.09. Yaani uchafu usiozidi unene wa unywele umeshapita kipimo cha diski nzima.

Diski ikigoma kutoka, usiipige nyundo usoni. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye kofia ya diski (sehemu ya katikati iliyoinuka). Ingiza boliti mbili za M8, kaza moja robo, nyingine robo, kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Kisha safisha uso wa habu kwa brashi ya waya, maliza kwa msasa wa 80 mpaka chuma king'ae, hasa kwenye duara dogo kuzunguka kila stadi ambako kutu hujificha. Fanya hivyo ndani ya kofia ya diski, na nyuma ya rimu inapokaa. Pitisha kidole, ukihisi kokoto rudia. Grisi kidogo sana ipakwe kwenye mdomo wa katikati tu, ili rimu isigande. Usipake uso wa habu wala nyuzi za stadi. Rangi usipake kabisa, maana rangi nayo ina unene.

Ukiona vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa. Pedi na shuu nyingine za zamani zina asbesto.

Nati na bomba la mita moja

Toyota nyingi ndogo, IST, Allion, RAV4 na Noah zikiwemo, hutaka nati za gurudumu zikazwe kwa Nm 103. Kwa wili spana ya sentimita 30 ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 35 hivi, mkono mmoja wenye nguvu, bila kusimama juu yake. Mtu wa kilo 70 akichomeka bomba la mita moja na kulisimamia, anafikisha karibu Nm 690. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Kofia ya diski inavutwa upande mmoja, uyumbaji unaanza siku hiyohiyo, stadi zinanyooka, na siku ya pancha porini nati hazifunguki. Mashine ya upepo iliyoachiwa mpaka iishiwe pumzi hufanya vilevile, tena kila nati kwa mkazo wake.

Ukitoka kwa fundi pancha, legeza nati zote robo kisha kaza upya kwa nyota, hatua mbili: kwanza nusu ya nguvu zote, halafu kamili. Kama huna spana ya kupimia mkazo, kaza zote sawa kwa spana fupi. Kulingana kwa mkazo kati ya nati na nati kuna uzito mkubwa kwenye ugonjwa huu. Land Cruiser na magari ya mzigo yana namba zao, soma kitabu cha gari.

Kalipa iliyogoma

Vumbi jekundu la huku halimsamehe mtu. Likipenya kwenye mpira uliochanika wa pini ya kalipa, pini inakauka na kalipa haitelezi tena. Dalili zake ni hizi: pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene, rimu moja ina moto kuliko mwenzake baada ya safari, gari linavuta upande ukikanyaga breki, na mtetemo unaokuja gari likipata moto na kupotea asubuhi. Usishike diski kwa kidole kupima joto. Nyunyizia tone la maji kwenye rimu: upande unaochemka ndio mgonjwa.

Chomoa pini, zifute, zisugue kwa msasa laini zikiwa na kutu, safisha na matundu yake. Tumia grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na baada ya miezi michache pini inabanwa kuliko mwanzo. Angalia pia zile sahani ndogo za chuma ambako masikio ya pedi yanateleza. Pedi ikihitaji nyundo kuingia, safisha pale. Pistoni ikikataa kurudi kwa kusukumwa na klampu, mpira wake umechoka au ina kutu. Weka mipira mipya. Kuiacha hivyo ni kuchoma diski mpya.

Mteremko wa Manyovu na breki za moto

Tabora ni tambarare, mtu anaweza kukaa na breki dhaifu mwaka mzima asijue. Kigoma si hivyo. Kushuka kutoka milima ya Buhigwe kwenye barabara ya Manyovu kuja Mwandiga, au hata kutoka Mwanga kushuka stesheni ukiwa na mzigo, kunaanika kila kasoro. Gari lililo salama likiwa la baridi na linalotetemeka baada ya mteremko lina mojawapo ya matatu: kalipa iliyobana, pedi za bei ya chini zisizovumilia joto, au diski iliyopata madoa magumu.

Madoa hayo yatafute kwa macho: viduara vya bluu au vyeusi kwenye uso wa diski. Joto limebadilisha chuma pale, kimekuwa kigumu kuliko jirani zake. Msasa hauyatoi, na kisu cha lezi (mashine ya kuchonga chuma) huyaruka yakabaki yamechomoza. Diski yenye madoa ya namna hiyo ibadilishwe, hata kama unene upo.

Dereva naye ana sehemu yake. Kwenye mteremko mrefu shusha gia: kwa otomatiki weka 2, L, B au S kulingana na gari, injini ilizuie. Kanyaga breki kwa vipindi, ushike, uachie, usilale kwenye pedeli. Ukifika chini usisimame umekanyaga wala kuvuta handibreki hapohapo. Endesha kilomita moja mbili zipoe, au simama pa tambarare uweke P.

Nyuma

Dramu inakuwa yai kwa sababu mbili kubwa: nati zilizokazwa bila mpangilio, na handibreki kuvutwa dramu ikiwa na moto, ikapoa huku shuu zimeisukuma kwa ndani. Ndani ya dramu kumegongwa MAX DIA (kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa); dramu ya milimita 200, kwa mfano, huishia 201. Kuichonga kupita hapo ni kuifanya nyembamba ishike moto haraka zaidi. Kwa Hiace na Land Cruiser chungulia pia sili ya ekseli: oili ya difu ikivujia kwenye shuu, breki hushika kwa kuruka na gari linatingishika kama lina dramu mbovu. Shuu iliyokunywa oili haioshwi ikapona.

Pedeli inayonguruma mwishoni

Gari linakaribia kusimama, kwenye 10 hivi, lami kavu, pedeli inanguruma sekunde moja kisha inaacha. Hiyo ni ABS iliyodanganywa. Ringi ya sensa ina ufa au kutu, au sensa imebeba chembe za chuma, kwa hiyo kompyuta inadhani gurudumu limefunga. Taa inaweza isiwake. Safisha sensa, kagua ringi, pima beringi. Kuchomoa fyuzi ya ABS ni kwa jaribio la dakika tano tu mahali patupu, ikithibitika irudishe.

Viungo vilivyochoka

Tofauti ya 0.01 kwenye diski inaweza isisikike kwenye gari lenye viungo vizima, na ikatikisa dashibodi kwenye RAV4 iliyokula barabara za Uvinza miaka kumi. Inua gurudumu, lishike saa sita na saa kumi na mbili ulisukume: likicheza, ni beringi au bolijointi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi endi au reki. Kisha weka nondo kwenye bushi ya nyuma ya mkono wa chini na uupindue. Mpira uliopasuka unaonekana wazi. Bushi hiyo ndiyo inayobeba nguvu ya breki, na ikichoka utasikia "kdum" moja unapoanza kukanyaga, kabla hata mtetemo haujafika. Boliti za mabano ya kalipa zikaguliwe hapohapo, zikilegea hutoa sauti ileile. Kubadilisha bushi bila kutibu diski hupunguza mtetemo tu, na kinyume chake pia.

Kuchonga au kununua

Kuchonga kunafaa pale tu diski haina madoa magumu, nyufa wala mashimo ya kutu, na itabaki juu ya MIN TH baada ya pande zote mbili kukatwa sawa. Mwambie mwenye lezi aishike kwa tundu la katikati na uso unaokaa kwenye habu, si kwa ukingo wa nje. Akikosea hapo utarudi nyumbani na uyumbaji mpya kabisa. Kama unanunua yuzdi, nenda na maikromita dukani. Nunua jozi, kushoto na kulia, na pedi mpya pamoja, kwa sababu pedi za zamani zimeshachukua umbo la diski iliyotoka.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, ikaushe, usiiguse tena uso kwa mikono yenye grisi. Ifunge kwenye habu safi, pima uyumbaji kabla ya kurudisha kalipa. Gari likiwa chini, pampu pedeli mpaka iwe ngumu ndipo uwashe na kuondoka. Pistoni zilizorudishwa nyuma hazishiki kwenye kanyago la kwanza.

Kuzizoesha kunachukua nusu saa. Kwenye barabara tupu nenda 60, punguza kwa breki ya wastani hadi 15 bila kusimama, endesha kama nusu dakika zipoe, rudia mara kumi. Zitanuka kidogo, ni kawaida. Kisha endesha kilomita tano au sita ukigusa breki kwa nadra, na usisimame umekanyaga. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi kwenye nati, gari likiwa limepoa, uzikague zote kwa spana ileile fupi.